Mapromota wa MMA Nairobi, lipeni wapiganaji na mlete daktari

Wadau, tumechoka kusikia kwamba vijana wa Eastlands hapa Nairobi wamejaa kwenye MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, kwa sababu wanapenda fujo. Anayesema hivyo hajapiga hesabu. Soka inataka kiwanja, na viwanja vingi vya mitaa vimenyakuliwa. Inataka wachezaji 11, viatu, nauli ya kila mechi. MMA inataka ukumbi wa kijamii, mikeka ya povu yenye unene wa sentimita 4, kocha na mtu wa kushikana naye. Wa karate, wa taekwondo, wa judo, wa ngumi, wote wanapokelewa bila kuanza upya. Na sensa ya 2019 ilikuta robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Kijana mwenye nguvu na siku nzima bila kibarua hatafutwi mbali.

Halafu kuna simu. Nokauti ya sekunde kumi haihitaji mtangazaji wala lugha, inasambaa WhatsApp usiku huohuo. Mapambano makuu ya UFC, kampuni kubwa ya MMA, yakipigwa Marekani, huku kwetu ni alfajiri ya Jumapili, na wengi wanaamka kwa sababu wamebeti. Tena mabingwa wana sura za hapa barani: Kamaru Usman na Israel Adesanya, wazaliwa wa Nigeria, walitwaa mikanda 2019. Francis Ngannou, aliyefanya kazi ya machimbo ya mchanga Cameroon akiwa bado mtoto, akatwaa wa uzani wa juu 2021. Kijana anayebeba zege kwenye mjengo anaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Ngumi zina ngazi. Ukiwa bondia mzuri, timu za polisi, jeshi au magereza zinaweza kukuchukua, ukapata mshahara. MMA haiko Olimpiki na ajira ya namna hiyo haina. Pesa ya mpiganaji ni ya usiku mmoja tu, na ndiyo hiyo inayoliwa.

Inaliwa hivi. Mpiganaji anapewa tiketi auze mwenyewe mtaani, na zikibaki anakatwa. Anaahidiwa malipo ya kupigana na nyongeza ya kushinda, yote kwa mdomo. Pambano likiisha promota hapokei simu, na akipatikana anasema kijana amepata jina. Mwenye nyumba hapokei jina mwisho wa mwezi!

Wakibanwa, mapromota wanajitetea kwamba hata UFC inalipa kidogo. Ni kweli, na ni aibu ya UFC: kampuni ilinunuliwa kwa dola milioni 2 mwaka 2001, ikauzwa kwa takriban dola bilioni 4 mwaka 2016, huku wapiganaji wakipata chini ya asilimia 20 ya mapato. Walienda mahakamani 2014, na madai ya kundi moja yakamalizwa kwa dola milioni 375. Lakini mbona mmeiga hilo tu? Miaka ya 1990 mchezo huu ulipigwa marufuku katika majimbo mengi ya Marekani, seneta John McCain akaufananisha na kupiganisha majogoo. Uliruhusiwa tena kwa sababu ya kanuni: madaraja ya uzani, raundi tatu za dakika 5, refa wa kusimamisha pambano, daktari kando ya kizimba cha pambano. Promota anayemruka daktari anaua biashara yake mwenyewe.

Tazameni uzani. Kijana wa kilo 76 anapangwa kwenye daraja la kilo 70.3. Anavaa mifuko ya plastiki, anakimbia juani, anaacha kunywa maji, kisha anapimwa asubuhi na kupigana jioni. Mwili hauwezi kurudisha maji yote kwa saa hizo chache, na madaktari wa michezo wanaonya kwamba ubongo uliokaukiwa huumia zaidi ukipigwa. Pimeni siku moja kabla, na anayezidi kwa kilo 5 apandishwe daraja.

Glavu za MMA ni aunsi 4, yaani gramu 113 hivi, kwa hiyo hazina sponji ya kupoteza. Zinazokodishwa usiku wa pambano zimepigiwa na wengi. Bonyeza juu ya vifundo kwa kidole gumba: ukihisi mfupa, sponji imekufa. Itachana nyusi za mwenzako na kuvunja mkono wako.

Kabla ya kusaini, dai vipimo vya VVU na homa ya ini B na C kwa pande zote mbili, na macho yapimwe. Ambulensi iwepo ukumbini ikiwa na oksijeni na mhudumu, na ikiondoka na majeruhi mapambano yasimame hadi ije nyingine. Aliyelala kwa nokauti asipigane wala kupigwa kichwani mazoezini kwa angalau siku 60. Hapa kuna vijana wanaorudishwa kizimbani baada ya wiki tatu! Kichwa kikiuma na kuzidi kuuma, akitapika, akisinzia ovyo, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali usiku huohuo, maana damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa saa kadhaa. Robert Wangila, bondia wetu wa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988, alifariki Julai 1994 kwa jeraha la kichwa baada ya pambano Las Vegas, mji wenye madaktari wa ulingoni. Nyinyi mnaandaa mapambano bila hata machela.

Malipo: nusu iingie M-Pesa kabla ya kupimwa uzani, iliyobaki kabla mpiganaji hajatoka ukumbini, na bili ya jeraha la usiku huo ni ya promota. Iandikwe, isainiwe, kila mmoja abaki na nakala.

Mwenye mkataba auweke hapa, kipengele cha malipo na cha matibabu, majina yakiwa yamefichwa. Tuulinganishe mmoja mmoja.