Tupeane uzoefu: Ulinunua pikipiki iliyotumika, ukajitia fundi. Nini kilikukuta?

Mkulima wa Rau
Wakuu, leo nimesukuma Boxer kwa mguu kutoka Rau mpaka mjini, jasho mpaka kwenye soksi. Ni BM 150, nimenunua kwa mtu wiki tatu zilizopita, milioni moja na laki tatu. Siku ya kuikagua iliwaka kwa kiki moja. Nikagusa injini, ya moto, nikajisemea kumbe jamaa anaitumia kila siku, safi. Sikujua kwamba ameipasha kabla sijafika. Asubuhi ya kwanza nyumbani nilipiga kiki hadi kisigino kikavimba, mke ananiangalia dirishani hasemi kitu.

Nimeamua kujifunza mwenyewe, maana kila fundi ninayempelekea anasema aliyetangulia ndiye kaharibu. Leo nimefungua plagi, nimeikuta nyeusi tii na imelowa. Wenzangu mlianzaje?

Chuma Chakavu
Mkuu, inusishe kwanza. Ikinuka petroli, umeizamisha mwenyewe kwa choki, ile ya kubana hewa ukiwasha, na kiki nyingi. Ifute, iache ikauke. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, mafuta yanazidi hewa, anza na filta ya hewa kabla hujagusa kabureta. Ikiwa inateleza vidoleni kama oili, pole, ringi za pistoni zimechoka. Plagi yenye afya ina rangi ya chai ya maziwa.

Kisongo Mtata
Hapo kwenye injini ya moto wengi tumepigwa. Nasoma comments.

Dada wa Sakina
Umenikumbusha machungu. Mimi kosa langu lilikuwa bolti ya kumwagia oili, ile ya chini ya injini. Mara ya kwanza kubadilisha oili mwenyewe, uani, watoto wa jirani wamejipanga kunitazama kama sinema. Nimemwaga vizuri, nimefuta vizuri, nimerudisha bolti. Nikaona nisije nikaaibika ikavuja, nikaongeza nguvu. Nikaongeza tena. Ikasema "tik". Halafu spana ikawa nyepesi, inazunguka tu bila kukaza.

Aliyewahi kuusikia wepesi huo anaujua. Tumbo linashuka. Bolti ni chuma, lakini kasha la injini ni aluminiamu, na kati ya hao wawili anayekula hasara ni kasha. Nikapeleka kwa mchongaji mmoja mtaa wa Unga Limited, akapanua tundu, akachonga nyuzi mpya, akaweka bolti nene zaidi. Pesa niliyomlipa ingetosha kumwagia oili kwa fundi mwaka mzima. Siku hizi nakaza kwa kushika spana karibu na kichwa, sio mwishoni, mkono usipate nguvu ya kiburi.

Ndizi Mshale
"Mkono usipate nguvu ya kiburi" 😂😂 dada umeua.

Kisongo Mtata
Tatizo mnabadilisha oili kila mara kama nepi. Mimi naweka ya gari, namba 40, mwaka wa nne huu, chuma kinaunguruma.

Chuma Chakavu
Ndugu yangu usipotoshe watu. Klachi ya hizi pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Oili nyingi za gari za siku hizi zina dawa ya kupunguza msuguano, pleti zikiinywa zinateleza: injini inalia, pikipiki haipandi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, ndiyo alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya hivyo.

Kisongo Mtata
Huku kwetu tambarare yero, hakuna cha kupanda. Nyie wa milimani endeleeni na makopo yenu ya bei.

Mangi Mpole
Mmemaliza? Sasa sikieni.

Kibosho, tumetoka kwenye kipaimara. Nyuma nimempakia baba mkwe, kashika galoni la mbege la lita tano mapajani. Siku moja kabla nilikuwa nimefungua tairi la nyuma kuziba pancha. Nilirudisha giza limeingia, tochi ya simu mdomoni. Nilipomaliza, kwenye kifuniko nilichowekea vifaa ilibaki nati moja. Nikaigeuza, nikaitazama, nikasema itakuwa ya akiba. Nikaitia mfukoni.

Kumbe ni ya kile chuma kirefu kinachoshika sahani ya breki ya nyuma isizunguke na tairi. Bolti ilikuwa imekaa tu kwa hisani.

Kona ya kwanza nilipunguza kwa gia. Kona ya pili kuna ng'ombe katikati ya njia, nikakanyaga. Kraaa! Sahani ikaondoka na tairi, ikakunja fito ya breki kama waya, kisha kila kitu kikajifunga. Pikipiki ikaenda ubavu. Mzee hakupiga kelele. Alisema neno moja tu sikioni mwangu: "Sasa?"

Tukaishia kwenye migomba. Galoni lilipasukia mgongoni mwangu. Kina mama waliokuja kutuokota walininusa wakasema, huyu kalewa. Nilikuwa sijaonja hata tone.

Ndizi Mshale
"SASA?" 😂😂😂 Nipo kwenye daladala watu wananishangaa.

Kisongo Mtata
Hii chai. Tena ina tangawizi.

Mangi Mpole
Chai gani, kovu la kiwiko ninalo na baba mkwe mpaka leo anapanda Noah.

Dada wa Sakina
Mbege ulimlipa?

Mangi Mpole
Dada, hilo tuliache.

Mkulima wa Rau
Wakuu tunaweza kurudi kwenye plagi yangu? Nimenusa, ni petroli.

Boda Mstaafu
Afadhali, ringi zako nzima. Asubuhi funga choki, kiki mbili tatu bila kugusa mafuta, ikiwaka isubiri kidogo kisha fungua choki. Na cheni usiikaze kama gitaa, icheze kama vidole viwili, vinginevyo unaua beringi.

Ndizi Mshale
Mimi fundi aliniambia cheni iwe imebana kabisa.

Boda Mstaafu
Huyo fundi anauza beringi?

Mkulima wa Rau
Jamani, hadithi ya Mangi imenitoa kitandani. Nimeenda kumulika breki ya nyuma. Kile chuma kipo, nati ipo, ila ile pini ya kuzuia nati isitoke haipo. Kuna tundu tu.

Boda Mstaafu
Pitisha kipande cha waya tundu hilo, pinda pande zote mbili, asubuhi ukanunue pini.

Chuma Chakavu
Waya? Mnataka kumuua mtu. Asiiwashe kabisa.

Mangi Mpole
Mkulima, mfukoni hakuna nati?