Mrejesho: CD za kukodi zilizokuwa zinaganda

Wakuu, nililalamika kuwa filamu ninazokodi zinaganda katikati, na mwenye kibanda anang'ang'ania deki yangu ndiyo mbovu. Nimefuata ushauri wenu. Kwanza niliweka CD yangu ya kaswida: ikacheza mwanzo mwisho. Kumbe deki nzima! Ile ya kukodi nikaimulika kwa tochi ya simu: alama za vidole, mafuta ya chipsi (sijui nani anakula huku kashika CD), michirizi. Nikaifuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Ikapita pale ilipokuwa inakwama. Ya pili imegoma kabisa; ina mkwaruzo mrefu unaofuata mduara. Nimeirudisha, jamaa kanibadilishia kimyakimya. Sasa nazimulika palepale kibandani kabla sijatoa hela.