Wakili wa kupangiwa na mahakama akiona rufaa haina kitu, aruhusiwe kujitoa?

Wadau salaam. Hili jambo linanikera siku nyingi, acha nilimwage tujadili. Mtu kahukumiwa, hana hela ya wakili, anakata rufaa na mahakama inampangia wakili bure. Wakili anachukua jalada, analisoma (tuchukulie kweli kalisoma), anaona hamna hoja. Afanyeje? Mimi nasema abaki apambane na hichohicho kidogo, na asiruhusiwe kabisa kumwandikia jaji kwamba mteja wake hana kesi.

Nachukua mfano wa Marekani maana huko swali limefika Mahakama ya Juu zaidi ya mara moja. 1963 kesi ya Gideon, yule mfungwa wa Florida aliyeandika ombi lake kwa penseli, ndo ilifanya ikaamuliwa mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo apewe wakili, na siku hiyohiyo kesi ya Douglas ikaongeza kwamba hata kwenye rufaa ya kwanza apewe. Sawa, kapewa, afanyiwe nini sasa? Jibu likaja 1967 kwenye kesi ya Anders. Huyu alipatikana na hatia ya bangi California, akapangiwa wakili wa rufaa, wakili akaiandikia mahakama barua kwamba haoni msingi na hataandika hoja zozote, basi. Anders akaomba wakili mwingine akanyimwa, akajiandikia mwenyewe, rufaa ikatupwa 1959. Miaka minane baadaye ndo Mahakama ya Juu inasema barua ile haitoshi: wakili anayetaka kujitoa aonyeshe kila sehemu ya mwenendo wa kesi inayoweza hata kwa mbali kumsaidia mrufani, nakala apewe mteja, mteja apewe muda wa kusema ya kwake, na majaji wapitie mwenendo wote wenyewe.

Wengi wanausifia utaratibu huo, mimi naona bado unamuumiza mfungwa. Wakili anataja hoja tano halafu anamwambia jaji zote hazina uzito, hapo anamtetea nani? Mwendesha mashtaka kashafanyiwa kazi yake. Na mawakili wanakosea jamani! Kesi ya Penson ya Ohio, 1988, wakili alithibitisha kwa maandishi kwamba rufaa haina msingi akaruhusiwa kuondoka, majaji walivyofungua jalada wakakuta hoja kadhaa za kujadilika, hadi hatia ya kosa moja ikafutwa, na muda wote huo mrufani hana mtu wa kumsemea. Mahakama ya Juu ikasema alipaswa apewe wakili mwingine. Nawasilisha.

---

Mleta mada, mimi ni wakili na hizi rufaa za kupangiwa nimezifanya, kwa hiyo nisome kwa utulivu. Wakili ana kiapo mahakamani pia, haruhusiwi kupeleka hoja anayojua ni ya kubuni. Kuna rufaa mshtakiwa alikiri mwenyewe, akaelezwa haki zake zote, adhabu iko ndani ya sheria, unasoma mara tatu hupati pa kushika. Ukinilazimisha niandike unanilazimisha nimdanganye jaji, na siku nikija na hoja ya kweli ya mteja mwingine jaji yuleyule ananiangalia vibaya.

Halafu wafungwa wengi wanataka kila kitu kiingie, sababu ishirini na tano, shahidi alinuna, polisi alikuwa na chuki. Kesi ya Jones dhidi ya Barnes, 1983, ilisema wakili halazimiki kubeba kila hoja anayoitaka mteja hata kama inajadilika, achague zenye nguvu. Naliunga mkono kabisa, hoja nzuri ukiizika katikati ya takataka jaji anachoka kabla hajaifikia.

Ila kwenye kusoma nakubaliana na wewe asilimia mia. Kuna jalada moja nililipata, nikaliona jepesi, siku ya pili nikalirudia ukurasa kwa ukurasa. Sehemu moja mshtakiwa anaulizwa kama ameelewa haki yake ya kuita mashahidi, na kwenye mwenendo jibu lililoandikwa ni neno moja tu, "kimya". Mstari unaofuata kesi inaendelea kama vile kasema ndiyo. Nilikuwa nimelipita lile neno mara ya kwanza. Rufaa yote tukaijenga pale.

---

Wakili nashukuru, na huo mfano wako ndo unanipa nguvu. Siku ile ya kwanza ungeandika kwamba unajitoa, neno "kimya" nani angelisoma?

Kwenye kuchagua hoja nakupa, ingawa uchaguzi ufanyike baada ya kuongea na mteja, sio anakutana na maamuzi yako kwenye bahasha. Kujitoa ndo sikupi. Idaho tangu 1977 wakili haruhusiwi kujitoa kwa sababu ya kuona rufaa haina msingi, anaandika kile bora kilichopo na majaji wanaamua, na hakuna anayewaita mawakili hao waongo. Tena 2000, kesi ya Martinez, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mfungwa hana haki ya kikatiba ya kujiwakilisha kwenye rufaa. Yaani anaweza kulazimishwa awe na wakili, halafu wakili huyohuyo anaruhusiwa kumkimbia!

---

Mleta mada njia ya kati ipo. California siku hizi wakili anaeleza ukweli wa kesi ilivyokwenda, hasemi rufaa haina kitu, anaiomba mahakama ipitie mwenendo mzima na anabaki tayari akiitwa. 2000 hiyohiyo Mahakama ya Juu iliukubali utaratibu huo. Afadhali kimya kuliko kumchoma mteja.

---

Samahani mimi sio mwanasheria, nasoma tu. Kaka yangu yuko ndani, wakili aliyepangiwa hatujawahi kumwona wala kumsikia, imekuja barua nusu ukurasa inasema anaomba kujitoa na kaka ana siku thelathini kuandika hoja zake. Kaka kaniuliza mwenendo wa kesi ni kitu gani, nikashindwa kumjibu. Tufanyeje?

---

Pole sana dada. Mwenendo ni yale yote yaliyoandikwa kesi ikisikilizwa, maswali, majibu, maamuzi ya jaji. Leo hii kaka aiandikie mahakama ya rufaa kwa mkono tu aombe mambo matatu: nakala ya mwenendo, muda uongezwe, na wakili mwingine. Asisubiri apate lugha ya kisheria. Kisha aandike anachokumbuka yeye, ni wapi alitaka kusema akazuiwa, ni shahidi gani aliomba aitwe hakuitwa, ni lini hakuelewa. Hiyo barua ya wakili itunzeni, tarehe iliyoko kwenye bahasha pia.

Wakili, kama hujalala, msaidie kama nimekosea mahali.