Nawapeleka wakwe mgahawa wa Kisichuan, niagize nini tusiumbuke?

Mkwe Mpole:
Wakuu, habari za humu ndani. Kuna mgahawa wa chakula cha Sichuan (jimbo la China), una matawi kadhaa mjini, bei za watu wa kawaida. Jumamosi nawapeleka wakwe. Shida ni kwamba mara ya kwanza niliumbuka. Niliagiza kuku wa laziji, ikaja sahani imejaa pilipili kavu, kuku wenyewe wamejificha humo. Kwa ushamba wangu nikajua vyote vinaliwa, nikavitafuna. Ukali niliutarajia. Kilichonitisha ni midomo: ilianza kutetemeka, kisha ikafa ganzi kama nimetoka kung'oa jino. Nikajua nimelishwa sumu. Maji glasi tatu, moto ndio kwanza unapanda.

Mama mkwe hali pilipili, baba mkwe hagusi nguruwe. Tuko watano. Na je, matawi yote ni mamoja?

Jungu Kuu:
Pole mkuu, ila umenichekesha 😂 Zile pilipili ni za kunukisha mafuta. Unachokoa kuku, lundo unaliacha sahanini.

Huo mtetemo ni huajiao, maganda ya vijitunda vya mti wa jamii moja na mchungwa. Pilipili ni kitu kingine kabisa. Wenyewe husema mala: ma ni ganzi, la ni ukali. Tena pilipili ndiyo mgeni pale, ilifika China kutoka Amerika mwishoni mwa karne ya 16, imeikuta huajiao ina wenyewe. Kwa hiyo ukiomba tu wapunguze pilipili, ganzi unaweza kuletewa vilevile. Vitaje vyote viwili.

Na maji achana nayo, ukali wa pilipili hauyeyuki humo. Maziwa, au wali mweupe.

Bi Sinia:
Mleta mada, usije ukaacha kila mtu aagize sahani yake. Vile vyakula huwekwa katikati, mnachota wote. Watu watano chukua sahani nne au tano na wali, kali ziwe mbili basi. Mama mkwe mtafutie mayai ya nyanya na mboga za majani za kitunguu saumu. Kuku wa kung pao naye ni mpole kiasi, ana utamu na uchachu, lakini ana karanga, hivyo uliza kwanza kama kuna anayedhurika nazo. (Jina lake limetokana na cheo cha Ding Baozhen, gavana wa Sichuan karne ya 19.)

Ukiona "samaki wa kuchemshwa kwa maji" usiingie mkenge. Anakuja anaelea kwenye mafuta mekundu!

Mla Pole:
Suala la nguruwe usilichukulie juujuu. Mapo tofu (tofu ni kama jibini laini la soya) unaweza kudhani haina nyama, kumbe mna nyama ya kusaga, ya ng'ombe au nguruwe kutegemea jiko. Tambi za dan dan hali kadhalika (dan ni ule mzega wa wachuuzi waliozitembeza), na hata maharage mabichi ya kukaanga. Uliza ni nyama gani na wamekaangia mafuta gani. Kama ni sababu za dini, taja na mvinyo wa kupikia.

Kijiko Kimoja:
Matawi yana menyu moja, mikono tofauti. Mimi hupima kwa mapo tofu: vipande viwe vinatikisika bila kuvunjika, na huajiao uinuse kabla hujaonja. Ikikaa sana kabatini inabaki uchungu tu. Nenda siku moja kabla, peke yako.

Chokonoa:
Mpeleke mama mkwe kwingine, yaishe.

Mkwe Mpole:
Chokonoa, kachagua mwenyewe huyo mama 😅 Nitakwenda Ijumaa kupima.

Mkwe Mpole:
MREJESHO. Mapo tofu walitupikia kwa nyama ya ng'ombe, kung pao, mayai, mboga, na supu. Baba mkwe alikula kimyakimya, kwake hiyo ni sifa. Mama mkwe alianza na mayai yake, kijiko kikawa kinatembelea tofu "kuonja tu". Baadaye akashika mdomo, akauliza kinachomlaza ulimi ni nini. Nikamwonyesha punje. Wakati wa kuondoka nilimwona anafunga tatu kwenye leso.