Katamarani au yoti ya mkuku mmoja? Safari ya Lamu mpaka Nosy Be

mtu_wa_shela
Asalaam aleikum wanabahari. Mie na mke wangu tumeuza mashua yetu ya watalii, sasa twatafuta chombo cha matanga cha mtumba, futi 40 hivi, tuishi ndani na watoto wawili. Twataka kushuka na kaskazi, Kilifi, Pemba, Unguja, Komoro mpaka Nosy Be kule Madagaska, halafu turudi na kusi inshallah. Mke ashapenda katamarani, ile yenye matumbo mawili ubavu kwa ubavu, anasema hailali na chungu hakimwagiki. Mie nimezoea chombo kinachoinama, nikikisikia kinalala najua upepo umefika wapi. Na bei ya katamarani ni kubwa mno, juu yake injini mbili. Wenye uzoefu semeni.

kaskazi_kusi
Waaleikum salaam ndugu. Msikilize mkeo, ila kwa sababu nyingine: kina cha maji. Yoti ya futi 40 mkuku wake, lile pezi la chini, unashuka kama mita 2, katamarani ni mita 1 na kitu. Bamvua hapa Lamu maji yanapanda na kushuka kama mita 3, sasa ukitaka kupita Mkanda, ule mlango wa maji baina ya Manda na bara, na mita 2 chini yako unangoja yajae na bado unapita roho mkononi, mwenzio wa mita 1 ana masaa mengi zaidi. Halafu kukwangua uchafu wa baharini ulioganda chini ya chombo. Katamarani yenye mikuku mifupi unaipandisha mchangani maji yakijaa, yakipwa inakaa wima yenyewe, unakwangua, unapaka rangi, unangoja maji yarudi. Yoti italala ubavu usipoiegemeza. Uliza tu kwanza kama mikuku yake imejengwa kubeba uzito, na usukani na propela zisiguse chini.

baharia_malindi
Kina sawa, lakini jamani uzito! Katamarani inakimbia kwa sababu ni nyepesi. Watu wanajaza jenereta, friji, mapipa ya maji, inazama kidogo tu basi mawimbi yanaanza kugonga sakafu ya kati kwa chini, usiku kucha halali mtu. Yoti inavumilia mzigo. Karibu theluthi ya uzito wake ni farumi, mzigo wa kukituliza chombo, ya risasi au chuma iliyofungwa chini, kazi ileile ya magunia ya mchanga tunayohamisha upande wa joshi, upepo unakotoka, kwenye mashua. Wimbi likiilaza inasimama tena. Katamarani inasimama kwa upana wake, mita 6 mpaka 7, na ikipinduka baharini haigeuki, inaelea tumbo juu. Ni nadra kwa hizi kubwa za kusafiria, lakini wewe uliyezoea kusikiliza chombo jihadhari, hii hailali, haikwambii kitu, nguvu yote inaenda kwenye mlingoti na waya. Funga kipima upepo, ukifika noti 18, kama kilomita 33 kwa saa, punguza tanga hata kama unaona raha.

bint_manda
Kaka, mbona hamna aliyegusa tarehe? Kaskazi ndo msimu wa vimbunga huko chini, Novemba mpaka Aprili. Kenneth ilipiga Ngazidja Aprili 2019, Chido ikaipiga Mayotte Desemba 2024. Na watoto ndani! Kaskazi ishia Pemba na Unguja. Komoro na Nosy Be ngoja vimbunga viishe, ila hapo kusi iko usoni na mkondo unakurudisha kaskazini, utabisha, yaani kwenda mshazari kuukabili upepo, siku nyingi, na kwa kubisha yoti nzuri ya mkuku inaishinda katamarani nyingi za kusafiria. Ama toka wakati wa maleleji, mwisho wa kusi, upepo ukiwa hafifu, na hapo injini mbili zitakufaa. Kwa hiyo amueni kwanza mnakwenda lini.

mtu_wa_shela
Ahsante sana dada, hilo la vimbunga limenishtua. Basi mwaka wa kwanza tutabaki Pemba na Unguja, na kwa hapo naona mke kashinda. Nikienda kuikagua niangalie nini?

baharia_malindi
Ingia na tochi ndani ya makabati, tazama kuta za ndani zinaposhikana na ubavu na pale chini ya mlingoti. Ukiona ufa hapo usijadili bei, ondoka. Gonga sitaha kwa nyundo ndogo, mlio ukiwa mfu maji yameingia. Ikiwa ni yoti, inua mbao za sakafu uone bolti za mkuku kama zinatoa maji ya kutu. Na fundi wa kukagua mlipe wewe, asiwe wa muuzaji.