Upanga wa Tipu Sultan: tuuite sanaa ya mapambo au nyara?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mei 2023 kampuni ya mnada ya Bonhams kule London iliuza upanga mmoja kwa pauni milioni 14 na ushei. Wenyewe walitarajia ungefika kati ya pauni 1,500,000 na 2,000,000. Ulikuwa wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, kusini mwa India, aliyeuawa tarehe 4 Mei 1799 Waingereza walipoingia kwa nguvu mji wake wa Seringapatam. Upanga ukakutwa chumbani mwake, na jeshi likamtunuku David Baird, kamanda aliyeongoza shambulio lile.

Mnada wenyewe ulitangazwa kuwa wa sanaa ya Kiislamu na ya Kihindi, na hapo ndipo ninapokwama. Ukipita kwenye makumbusho mengi ya Ulaya utakuta vitara (panga zilizopinda), hanjari (majambia), ngao na deraya (mavazi ya chuma ya vitani) vimepangwa jirani na mazulia na vyombo vya kaure. Kibao kinakwambia: chuma cha pua, dhahabu, yakuti, karne ya 18. Basi. Kwenye mpini wa upanga huu kumeandikwa kwa dhahabu sifa za Mwenyezi Mungu na dua. Aliyeagiza maandishi yale hakuwa anatafuta urembo wa sebuleni, alikuwa anataka kurudi hai kutoka vitani.

Halafu kumbukeni kiti chake cha enzi. Kilikuwa na vichwa vya chui-milia vya dhahabu vilivyopachikwa vito. Waliouteka mji walikivunjavunja wakagawana vipande, na hadi leo kichwa kimoja kimoja huibuka mnadani. Sasa niambieni, mtu anayeona sanaa mbele yake huichukulia shoka? Siku ile ilikuwa dhahabu ya kugawana. Jina la sanaa limekuja baadaye, wajukuu walipotaka kuuza.

Nauliza: vitu hivi viendelee kuitwa sanaa ya mapambo, au jina hilo linatusahaulisha jinsi vilivyofika huko?

Sonara wa Mombasa

Mkuu, hoja nimeielewa ila umetudhalilisha mafundi. Neno mapambo umelitamka kama vile ni kupaka rangi kucha.

Ngoja nieleze kitu. Kuna ufundi wa Kihindi unaitwa koftgari. Fundi huchukua chuma cha pua, akakikwaruza kwa kisu kikali mistari membamba, kisha mingine ya kuikata ile ya kwanza, mpaka uso wa chuma unakuwa kama tupa. Hapo hulaza uzi wa dhahabu, akaufuata mchoro taratibu huku akiugonga kwa nyundo ndogo. Ile mikwaruzo ndiyo inayoung'ata uzi. Hakuna gundi wala risasi ya kulehemu. Akimaliza anasugua mpaka dhahabu inalala laini. Zarnishan ni kazi nyingine kabisa: huko unachimba mfereji kwenye chuma, dhahabu inazama ndani.

Miaka ya nyuma mteja aliniletea hanjari ya babu yake, akidhani dhahabu imeliwa na kutu. Nikaitia chini ya lenzi. Maua yalikuwa yamefutika, lakini mikwaruzo ilikuwa palepale, na mchoro mzima ukasomeka kwa mikwaruzo tu. Mkono wa yule fundi ulikuwa bado upo. Kweli nisiiite sanaa?

Na ubapa wenyewe! Chuma kile cha kale cha India kiliyeyushwa ndani ya chungu cha udongo kilichozibwa, kikaachwa kipoe polepole. Ukikifua na kukipitishia dawa kinatoa mawimbi kama maji ya pwani yakirudi. Waliokijua walikiita jauhari. Haikuwa rangi, ni chuma chenyewe.

Mwalimu wa historia

Mleta mada, nyani haoni kundule. Huyo Baird alitekwa vitani mwaka 1780 na jeshi la Haidar Ali, baba yake Tipu, akafungwa Seringapatam hukohuko mpaka 1784. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliikomba Delhi, na hazina ya Wamughal, wafalme wa Delhi, ikahamia kwake. Enzi zile kila mshindi alibeba.

Halafu arudishiwe nani? Wahindi wenyewe hawajakubaliana kuhusu Tipu. Kwa wengine ni shujaa aliyekufa na silaha mkononi, kwa wengine ni mtesi wa Wahindu. Serikali ya jimbo la Karnataka ilifuta sherehe rasmi za kuzaliwa kwake mwaka 2019.

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo. Swali la "arudishiwe nani" ni halali, ila siku zote namsikia analiuliza aliyeshika mpini. Mji wa Glasgow ulilijibu mwaka 2022 bila dunia kupasuka. Walikubali kuirudishia India vitu 7, kimojawapo upanga wa Hyderabad wenye ubapa uliopinda kama nyoka, umechorwa tembo na chui-milia kwa dhahabu. Uliibwa mwaka 1905 kwenye hazina ya Nizamu, yaani mtawala wa Hyderabad, ukauzwa kwa jenerali wa Kiingereza. Tena mwizi alikuwa waziri mkuu wa Nizamu mwenyewe! Kwa hiyo ndiyo, nakubali, si kila mwizi alitoka ng'ambo.

Ila tazama Maharashtra. Mwaka 2025 serikali ya jimbo iliununua mnadani London upanga wa Raghuji Bhosale, kamanda wa Wamaratha, dola ya zamani ya India, kwa rupia zaidi ya 4,700,000. Kila tunapokubali kuiita sanaa tu, bei inapanda, na anayeilipa ni mwenye mali.

Mkaazi wa Muscat

Nyinyi mnazungumza kana kwamba vitu hivi vimekufa. Huku Oman hanjari iko kwenye bendera ya taifa, na wanaume wanaivaa kiunoni harusini na sikukuu. Ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi mwaka 2022. Sijawahi kuona mtu akiichomoa alani, ingekuwa fedheha kubwa. Mume wangu akiivaa haitwi kapamba, wala haitwi kabeba silaha. Anaitwa kavaa. Hilo neno kwenye vibao vyenu halipo.

Sonara wa Mombasa

Dada wa Muscat kamaliza. Ila mleta mada, huo upanga wa Raghuji una ubapa wa Ulaya na mpini wa kazi ya Kihindi. Bapa za Ulaya zilikuwa zinaletwa kwa meli, wenyeji wakaziita firangi na kuzitilia mipini yao. Sasa nusu yake tuidai, nusu tuwaachie?

Mleta mada

Hahaha, sonara umenibana. Tudai wote, ubapa walinunua.

Ila kuhusu kibao nitapunguza madai yangu. Neno sanaa libaki, kwa heshima ya hiyo mikwaruzo yako. Ninachotaka ni mstari mmoja tu chini yake, kwa maandishi ya ukubwa uleule: "Ulichukuliwa Seringapatam, Mei 1799, baada ya mwenyewe kuuawa." Kuna mtu ataona hilo ni kubwa?

Mwalimu wa historia

Marahaba. Mstari huo hata mimi nauandika. Ila ongeza na wa pili, wa Baird gerezani.

Mleta mada

Niletee kibao kirefu zaidi, mwalimu, nauandika.