Nina digrii ya umeme, sikwenda JKT: nyota ya begani nitaipataje?

Lumbesa
Wakuu, habari za jioni. Nipo Uyole, Mbeya, miaka 23, nimemaliza uhandisi wa umeme hapa Iyunga. Tangu niko shule ya msingi nataka kuwa ofisa wa JWTZ. Ofisa, siyo askari tu.

Tatizo: nilipomaliza kidato cha sita 2021 nilipangiwa JKT mujibu wa sheria, sikwenda. Mama alikuwa mgonjwa na viazi vilikuwa shambani kule Uporoto, nikashinda nashona magunia. Sasa sina cheti cha JKT na naona kila tangazo linakitaka.

Njia ninazoziona ni mbili. Niombe JKT ya kujitolea, miaka miwili, nikitoka huko nina 25 au 26. Au kuna mzee mmoja, mjomba wa rafiki yangu, anasema kwa laki nane ananiingiza Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi, moja kwa moja. Nisaidieni kabla sijauza ng'ombe wa watu.

Kokoto
Laki nane kwa nyota? Mwambie akuuzie na vifaru viwili tutambie mtaani.

Mama Wawili
Mwanangu, ng'ombe asitoke zizini. Sisi tulitoa. Kaka yangu alipewa mpaka barua yenye mhuri na tarehe ya kuripoti, tukamchinjia mbuzi wa kumuaga. Alifika getini na begi, askari wa zamu akaisoma ile barua mara mbili, akamwita mwenzake aje aisome naye. Akarudishiwa begi lake. Namba ya simu ya yule bwana haijapatikana hadi leo, na mbuzi tulishamla.

Staff Mstaafu
Kamwene. Nipo Mafinga, nimestaafu nikiwa staff sajenti. Dogo, hakuna mjomba wa kukupeleka Monduli, na kuandikishwa jeshini hakulipiwi hata senti. Anayetaka hela ni tapeli, hata kama amevaa kombati.

Utaratibu ni huu. Tangazo hutoka Makao Makuu ya Jeshi. Unaandika barua ya maombi kwa mkono wako, usiichape, unaambatanisha nakala za vyeti vya shule na chuo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na cheti cha JKT, inakwenda Dodoma. Uwe hujaoa na hujawahi kutumikia polisi wala magereza. Ukichukuliwa unakuwa kuruta kama kuruta wengine, unapigishwa kwata na digrii yako mfukoni. Nani aende Monduli, jeshi ndilo linachagua. Wewe huombi nyota, unaomba kuandikishwa.

Umri piga hesabu vizuri. Matangazo ya karibuni yamekuwa yakitaka wa sekondari asizidi 24, wa shahada asizidi 27. Ukiingia JKT mwaka huu bado unapumua. Ukisubiri "mwakani" mara mbili, umejitoa mwenyewe. Na JKT nao wana ukomo wao wa umri kwa kila elimu, usaili unaanzia wilayani kwako. Hapo Mbeya una kikosi cha Itende, 844 KJ, ni karibu. Nenda getini ukaulize kwa adabu, hawakuli.

Lumbesa
Shikamoo mzee. Ina maana naweza kusota miaka miwili JKT halafu nisichukuliwe?

Staff Mstaafu
Marahaba. Ndiyo. JKT siyo ajira na kule hakuna atakayekuahidi ajira. Nimewaona wakitoka kikosi cha JKT 841 hapa Mafinga wamenyooka kama rula, wakarudi kijijini kulima. Kama hilo hulimezi, usiende.

Nyota Moja
Mimi ni dada yako, nimepita Monduli. Niongeze mawili tu.

La kwanza, hiyo "ofisa, siyo askari tu" iache Uyole. Ukitoka pale ni luteni usu, nyota moja, na unakabidhiwa watu. Sajenti mwenye miaka 18 kazini atakupigia saluti asubuhi, halafu mchana ndiye atakayekuonyesha pa kuiweka doria yako. Ukimdharau utaumbuka mbele ya kombania nzima.

La pili, watu huogopa kukimbia. Mimi kilichonitoa machozi ni darasa. Umeamka usiku wa manane, umekimbia na mzigo, umekula haraka, halafu unakalishwa usome ramani. Mikunjo ya milima kwenye karatasi inaanza kutembea. Niliwahi kuchora mstari wa penseli kutoka kilima nilichoambiwa hadi nje ya ramani, juu ya meza, nimelala macho wazi. Mkufunzi aliniuliza kikosi changu kimefika nchi gani.

Siku ya kamisheni, Amiri Jeshi Mkuu anapotunuku, unasahau. Siyo yote, lakini unasahau.

Binti Tukuyu
Naomba kudandia. Mdogo wangu yuko kidato cha sita, naye anataka Monduli. Asome chuo kwanza au?

Nyota Moja
Binti Tukuyu, asifanye kosa la huyu kaka. Akipangiwa JKT mwezi wa sita, aende, ni miezi mitatu tu. Kusoma chuo kwanza siyo lazima: Monduli siku hizi kuna shahada ya sayansi ya kijeshi ya miaka mitatu, kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha. Lakini mlango ni uleule, aandikishwe kwanza.

Binti Tukuyu
Ndaga fijo dada.

Staff Mstaafu
Lumbesa, jambo moja limewaangusha wengi kuliko mbio. Panga vyeti vyako vyote mezani usome jina herufi kwa herufi. Nimeshuhudia kijana mwenye mapafu ya farasi anarudishwa kwa sababu cheti cha kuzaliwa kina "e" na cha kidato cha nne kina "i".

Lumbesa
Mzee umenitoa jasho. Nimevipanga sasa hivi kitandani. Cha kuzaliwa kimekosa "y" katikati ya jina la baba. Jina la kwenye kitambulisho cha NIDA liko sawa na la vyeti vya shule. Asubuhi naenda kwa watu wa RITA pale wilayani, nikitoka huko napitia Itende. Mjomba kapiga tena, anasema imebaki nafasi moja. Nimemwambia ampe mwanawe.

Mazoezi je? Nikimbie Uyole kushuka mjini, au nipande Igawilo?

Staff Mstaafu
Panda. Kushuka hata gunia la viazi linashuka.